Kompyuta Kuukuu Inapokataa Kuzimika: Somo kwa Vikundi Vyetu

Ndugu na dada wa vikundi, somo hili ni la kusomwa pamoja. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize na kuuliza. Ikiwezekana mketi karibu na kompyuta yenyewe, ili mkifika kwenye hatua mzijaribu hapo hapo. Kama kikundi chenu hakina kompyuta, someni tu. Siku moja mtaletewa moja iliyotumika na mtu mwingine, na shida hii itakuja nayo.

SHABAHA YA SOMO

Mwisho wa somo kila mwanakikundi aweze:
1. Kueleza kompyuta hufanya kazi gani wakati wa kuzimwa.
2. Kufuata hatua moja baada ya nyingine mashine ikikwama.
3. Kulinda hesabu za kikundi hata mashine ikiharibika kabisa.

KISA: USIKU WA KUAMKIA MGAO

Kikundi chetu huku Naitiri ni kama vingine vya sehemu hii ya mahindi. Tunaweka akiba, tunakopeshana, na mwezi wa Desemba tunagawana. Hesabu zetu ziko kwenye kompyuta ya mezani iliyo nyumbani kwa mama mweka hazina. Tuliinunua Kitale ikiwa imeshatumika na mwingine, na ndani yake mna Windows 7.

Siku moja kabla ya mgao, mama alikaa kwenye mashine tangu saa nane mchana akiingiza malipo ya mikopo. Saa mbili usiku akaniambia, "Katibu, hebu nizimie hii mashine tukale." Nikaenda pale pa kuzima, nikabonyeza. Skrini ikageuka, maandishi ya Kiingereza yakatokea, halafu basi. Dakika tano zikapita. Feni inavuma tu.

"Imekwama," nikasema.

"Ngoja kidogo, Katibu. Pengine inamaliza kazi," mama akajibu.

Sikungoja. Nilikuwa na njaa. Nikashika waya pale ukutani, nikaing'oa.

Asubuhi wanachama 24 wakafika na vitabu vyao vidogo. Tukawasha. Faili ikafunguka vizuri, lakini malipo yote ya jana hayakuwamo. Mzee mmoja akauliza kwa sauti ya chini, "Kwani pesa zetu ziko wapi?" Pesa zilikuwa ndani ya sanduku lenye kufuli tatu, hakuna hata shilingi iliyopotea. Kilichopotea ni habari ya nani amelipa nini. Mgao ukaahirishwa. Tulipitia stakabadhi, vitabu na jumbe za M-Pesa kwa wiki mbili. Aliyetazamwa kwa jicho baya wakati huo wote ni mama mweka hazina, na mkono ulioing'oa waya ulikuwa wangu.

Baadaye kijana fundi alikuja akafungua faili, akaandika kitu kidogo, akazima bila kuhifadhi. Skrini ile ile ikatokea. Akatusomea kwa Kiswahili: "Programu moja bado haijafungwa." Programu yenyewe ilikuwa ile ya hesabu. Usiku ule ilikuwa ikituuliza kama ihifadhi kazi ya mama, na ikakaa pale ikingoja tuijibu. Hatukusoma.

TUJADILIANE KWANZA

- Katika kisa hiki, nani alikosa? Ni mmoja tu?
- Je, umewahi kung'oa waya kwa sababu ya haraka? Ikawaje?
- Hesabu za kikundi chetu zikipotea usiku wa leo, tutazirudisha kwa njia gani?

KOMPYUTA HUFANYA NINI IKIAMBIWA IZIME?

Fikirini mkutano wetu. Mwenyekiti hawezi kusema "tumefunga" na kuondoka. Kwanza karani amalize kuandika. Mweka hazina ahesabu na kuweka pesa ndani. Wenye funguo wafunge kufuli. Akibaki mmoja ambaye hajamaliza, wote wanakaa wakimngoja.

Kompyuta ni hivyo hivyo. Ukiiambia izime, Windows hupitia programu zote zilizo wazi na kuziuliza: uko tayari? Kila moja hufunga faili zake na kujibu. Baadaye zinafungwa zile zinazofanya kazi chini kwa chini, ambazo hatuzioni. Mwisho kabisa ndipo umeme unakatwa. Ikiwa programu moja haijibu, mkutano haufungwi.

Jambo la pili: kompyuta ina mahali pawili pa kuweka kazi. Pa kwanza ni kama ubao wa darasani. Ni pepesi kuandikia, lakini stima ikikatika ubao wote unafutika. Pa pili ni diski, ambayo ni kama daftari. Kilichoandikwa humo hubaki hata umeme usipokuwako. Kuhifadhi kazi ni kunakili kutoka ubaoni kwenda daftarini. Ukiing'oa waya katikati ya kunakili, unapata ukurasa nusu, na mara nyingine hata kurasa za jirani zinaharibika.

Kwa hiyo tukumbuke: mashine inayokawia kuzimika mara nyingi haidhuru kitu. Hasara huletwa na namna tunavyoikatiza.

UGONJWA HUU SI MGENI

Shida hii haikuanzia kwetu. Kwenye Windows 95, iliyotoka mwaka wa 1995, kompyuta nyingi zilimaliza kazi kisha zikaandika kwamba sasa ni salama kuzima, na mtu mwenyewe akabonyeza swichi. Baadaye zikaenea mashine ambazo programu yenyewe inaweza kukata umeme. Hapo shida ikazidi. Windows 98 ya toleo la pili, ya mwaka wa 1999, ilijulikana sana kwa kukwama wakati wa kuzimwa, mpaka Microsoft wakatoa marekebisho maalum. Tangu Windows 8 ya mwaka wa 2012 kukaja namna nyingine: ukizima, mashine huhifadhi sehemu ya kazi zake kwenye diski ili kesho iwake haraka. Kwenye mashine kuukuu namna hiyo nayo huleta matatizo mara nyingine.

Basi ukiona mashine yako inakataa, usiseme imerogwa. Ina sababu, na sababu inatafutwa.

SABABU ZINAZOPATIKANA SANA

1. Programu iliyoachwa wazi, yenye swali ambalo halijajibiwa.
2. Printa iliyo na karatasi ambayo haijachapwa, au flashi na modemu zilizoachwa zimechomekwa.
3. Windows inajirekebisha. Huandika kwamba usizime. Kwenye mashine nzee kazi hii inaweza kupita saa nzima.
4. Diski iliyojaa, au inayoanza kuchakaa. Kila kitu kinaenda pole pole.
5. Draiva zisizopatana. Draiva ni programu ndogo inayounganisha Windows na kifaa kama printa. Ukiweka Windows mpya kwenye mashine ya zamani, draiva za zamani zinaweza kugoma.
6. Virusi, hasa vinavyoletwa na flashi zinazotembea kutoka mashine hadi mashine.
7. Kitufe cha kuwashia kilichokwama kwa vumbi, au ubovu ndani ya mashine.

Angalizo: kompyuta ikishazima, taa ndogo karibu na waya wa mtandao au chini ya mausi inaweza kubaki inawaka. Huo si ugonjwa. Mashine za siku hizi hubaki na umeme kidogo ndani maadamu soketi imewashwa. Na kama umebonyeza "Sleep", hujaizima. Umeilaza tu. Stima ikipotea ikiwa imelala hivyo, kazi iliyo ubaoni inaweza kupotea nayo.

HATUA ZA KUFUATA

Fuateni kwa mpangilio huu. Msiruke hatua, na msibadilishe mambo mawili kwa wakati mmoja. Mkibadilisha mawili hamtajua ni lipi lililoponya.

Hatua ya 1: Soma skrini. Andika kwenye daftari maneno yote unayoyaona, hata kama huyaelewi. Mwite kijana anayesoma Kiingereza akusaidie. Maneno hayo yatamsaidia pia fundi.

Hatua ya 2: Jibu swali. Ukiona orodha ya programu ambazo hazijafungwa, bonyeza "Cancel". Mashine itakurudisha kwenye kazi. Hifadhi kazi yako, funga programu hiyo, kisha zima tena. Usibonyeze "Force shut down" au "Shut down anyway" kabla hujahifadhi. Hayo maana yake ni: funga mkutano kwa nguvu.

Hatua ya 3: Ngoja. Angalia taa ndogo ya diski mbele ya sanduku la kompyuta. Ikiwaka na kuzimika, mashine inafanya kazi. Iache. Kama inaandika kwamba inajirekebisha, iache hata ikichukua saa moja. Kama hakuna maandishi na taa haichezi kabisa, ipe dakika 15 kwa saa, sio kwa kukisia.

Hatua ya 4: Kama mausi bado inatembea, bonyeza Ctrl, Alt na Delete kwa pamoja. Chagua "Task Manager". Utaona orodha ya programu. Ile iliyoandikwa kwamba haijibu, ichague na ubonyeze "End task". Ujue kwamba kazi ambayo haikuhifadhiwa ndani yake itapotea, lakini nyingine zitapona.

Hatua ya 5: Hii ni ya mwisho, ikiwa yote yameshindikana. Shika kitufe cha kuwashia, ukifinye bila kuachilia kwa sekunde 5 hadi 10, mpaka feni inyamaze. Ndipo uzime soketi. Kama hata hivyo haizimiki, kitufe au kitu cha ndani kimeharibika. Hapo zima kwenye swichi ya ukutani na umwite fundi. Laptopu nayo ina betri, kwa hiyo kuing'oa waya hakuizimi. Tumia kitufe.

KESHO YAKE: TAFUTA CHANZO

Kuzima kwa nguvu hakujatibu kitu. Kesho yake, ukiwasha, mashine inaweza kutaka kukagua diski. Iache imalize, hata kama wanachama wanangoja mlangoni. Halafu fanya majaribio haya:

Jaribio la kwanza. Washa, usifungue programu yoyote, kisha zima. Ikizimika vizuri, ubaya uko kwenye programu mnazofungua. Siku inayofuata fungua moja tu, uzime. Endelea hivyo mpaka umpate mkosaji.

Jaribio la pili. Chomoa printa, modemu na flashi, kisha zima. Ikizimika, rudisha kifaa kimoja kimoja. Flashi iondoe kwa kuiambia mashine kwanza, usiivute tu. Flashi nyingi hazina daftari la ndani linalokumbuka kazi iliyokatizwa kama diski ya Windows ilivyo nalo, kwa hiyo huharibika upesi zaidi.

Jaribio la tatu. Washa kwa hali salama, yaani Windows ikiwa na vitu vichache tu. Kwenye Windows 7 bonyeza F8 mara kadhaa mashine inapoanza kuwaka. Kwenye Windows 10, shika Shift ukibonyeza "Restart", kisha ufuate maelekezo. Ikizimika vizuri katika hali hiyo, shaka yetu ni draiva au programu iliyoongezwa karibuni. Iondoe.

Jaribio la nne, kwa Windows 8 na 10. Shika Shift huku ukibonyeza "Shut down". Hapo mashine inazima kabisa bila kuhifadhi kazi za kuwakia haraka. Ikiwa dawa ni hiyo, mwombe anayejua azime ile namna ya kuwaka haraka kwenye mipangilio ya umeme.

Pia angalieni diski. Ikiwa imejaa video na nyimbo, ondoeni. Kompyuta ya hesabu za kikundi si ya sinema.

Mjue pia umri wa mashine yenu. Windows 7 iliacha kupewa marekebisho ya kawaida tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine inaendelea kufanya kazi, lakini milango yake kwa virusi haizibwi kama zamani. Afadhali kompyuta ya hesabu isitumiwe kwenye intaneti, na flashi za wageni zisichomekwe.

STIMA NA RADI

Stima yetu ni ya volti 240, na tunajua inavyopotea na kurudi kwa kishindo. Kifaa cha UPS, chenye betri ndani, hutoa dakika chache baada ya stima kupotea. Dakika hizo ni za kuhifadhi na kuzima. Si za kuendelea na kazi.

Wakati wa mvua, wingu likianza kunguruma mbali, zima mashine kwa utaratibu kisha uchomoe waya kwenye soketi. Radi ikishafika karibu, usiguse waya yoyote. Afadhali kompyuta iungue kuliko mtu.

Na hapa kuna jambo dogo. Kama kila ukiwasha tarehe imerudi nyuma miaka mingi, betri ndogo ya ndani imekwisha. Nyingi hutumia ile ya duara iitwayo CR2032, ya volti 3. Si ghali. Msiipuuze, kwa maana tarehe mbaya kwenye kompyuta ni tarehe mbaya kwenye hesabu za mikopo.

Sanduku dogo la umeme lililo ndani ya kompyuta, lile lenye feni nyuma, msilifungue hata siku moja. Linaweza kushika umeme hata waya ikiwa imechomolewa. Hiyo ni kazi ya fundi aliyesomea.

TUKILINDA HESABU

Hata mkifuata yote, mashine kuukuu itakufa siku moja. Kikundi chetu tulikubaliana hivi baada ya aibu yetu:

- Kitabu cha karatasi kinaendelea. Kila malipo huandikwa kitabuni kwanza, ndipo yaingizwe kwenye kompyuta.
- Anayeingiza hesabu huhifadhi kila baada ya kuingiza wanachama watano. Hangoji mwisho.
- Kila siku ya mkutano hesabu hunakiliwa kwenye flashi mbili. Moja hukaa kwa mama mweka hazina, nyingine kwa mwenyekiti. Zikikaa nyumba moja, moto mmoja unazimaliza zote.
- Siku ya mgao hatuingizi kitu kipya. Kazi yote huisha siku tatu kabla, na orodha huchapwa kwenye karatasi.
- Anayezima mashine ni yule yule aliyekuwa akifanya kazi. Yeye ndiye anayejua nini kiko wazi.

Siku mkitaka kuiuza au kuitupa, kumbukeni kwamba ndani ya diski mna majina, namba za vitambulisho na madeni ya watu. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya mwaka wa 2019 inataka habari za watu zitunzwe. Kuweka faili kwenye pipa la taka la skrini hakutoshi. Mwambieni fundi aifute diski yote, au aitoe mbaki nayo. Na mashine iliyokufa isichomwe shambani, kwa maana ina risasi na sumu nyingine zinazoingia kwenye udongo na maji.

KAZI YA KIKUNDI KABLA YA MKUTANO UJAO

1. Andikeni kwenye karatasi ngumu zile hatua tano, muibandike ukutani juu ya kompyuta.
2. Kila anayetumia mashine aizime mbele ya wenzake, na aeleze anachokisoma kwenye skrini.
3. Fanyeni jaribio: chukueni flashi ya nakala, mwende nayo kwenye kompyuta nyingine, muone kama hesabu zinafunguka. Nakala ambayo haijajaribiwa msiihesabu kuwa nakala.
4. Anzeni daftari la mashine. Kila ikikwama andikeni tarehe, saa, ilikuwa ikifanya nini, na skrini ilisema nini. Baada ya miezi mitatu mtaona wenyewe ugonjwa uko wapi.

Mama mweka hazina wetu bado anashika kazi hiyo. Nilisimama mbele ya kikundi nikasema waya niliing'oa mimi, na wanachama wakamrudishia heshima yake. Siku hizi akimaliza kazi husoma skrini kwa sauti kwanza, neno kwa neno, ndipo aizime. Mimi huketi kando nikingoja, hata chakula kikipoa.